Siku Niliyotangaza Mafuriko Kipawa

Jamani, hili nikilikumbuka naona aibu mpaka kwenye visigino, na nalisimulia mie mwenyewe kwa sababu nikiwaachia majirani zangu wa mtaa huu wa Kipawa wataongeza chumvi (ingawa kusema kweli chumvi yenyewe haina hata pa kuwekwa).

Mie ni fundi cherehani, ila kuna mradi ulipita mtaani kutafuta watu wa kupima mvua, nikajiandikisha. Wakanipa kipimo, mrija mnene wa plastiki wenye namba ubavuni, na kazi yangu kila siku saa tatu asubuhi ni kusoma maji yamefika wapi, kutuma kwa simu, kumwaga, basi. Nilivyokipenda kile kipimo! Mume wangu akiulizaga chai namwambia asubiri kwanza nisome mvua, japo mvua yenyewe miezi miwili natuma sifuri, tatu, sifuri, mpaka nikaona mbingu zinanidharau.

Sasa walituambia kipimo kikae peupe, mbali na paa na miti. Lakini kuku wa jirani wakawa wanakiparamia, siku moja wakakiangusha, nikasema ngoja nikihamishie nyuma ya nyumba, pale chini ya simtanki letu la maji lililo juu ya mnara, kuku hawafiki. Nikakifunga kwa waya, nikajisifu. Kosa langu ndilo hilo.

Alhamisi moja naamka, nje kumelowa, na usiku nilisikia mvua kwenye bati kwa mbali. Naenda kusoma, kipimo kimejaa mpaka kinamwagika. Nikamwita mume wangu aone, akasema mbona yeye kasikia manyunyu tu, nikamwambia wewe ukilala hata ndege ikitua kitandani husikii. Nikatuma. Dakika tano hazijaisha, Neema, dada anayetusimamia kwenye mradi, akanipigia, sauti imempanda, anasema namba kama hiyo hajawahi kuipokea na anakuja kuona mwenyewe.

Hapo kichwa kikavimba. Nikaingia kwenye grupu la mtaa nikarekodi, tena kwa sauti ya redioni: "Ndugu zangu wa bondeni, mie ndiye mpima mvua wenu. Maji ni mengi kupita kiasi. Toeni vitu, mje huku juu."

Na watu wakatoka kweli, maana bonde lile wanalijua, maji yalishawahi kuwaingilia ndani. Nimesimama getini nawaona wanapita na friji, na masufuria, na vitanda vimefunguliwa vipande, na nyuma yao Bi Mwanaisha, bibi anayeishi peke yake nyumba ya mwisho kabisa bondeni, godoro kichwani, albamu ya picha za marehemu mumewe kwapani. Nikampa shikamoo, akasema marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie, ungenyamaza tungekufa. Moyo wangu ulivyodunda kwa furaha, nyie acheni tu.

Neema akafika na mwenyekiti wa mtaa, uani kwangu watu wamejaa. Nikamwambia mume wangu awashe pampu ili watu wote wale wasikose maji ya kunywa, halafu nikachuchumaa pembeni ya kipimo nikaanza kueleza, namba hii maana yake hivi, asubuhi maji yalifika hapa, na wote wananisikiliza kama mwalimu.

Tone likaanguka ndani ya kipimo. Likaja la pili. Kisha maji yakashuka kwa mkupuo, yakamlowesha Neema bega zima na kuingia ndani ya mrija kama yametumwa. Tukainua vichwa wote kwa pamoja. Jua kali, hakuna hata wingu, simtanki limejaa linamwagika. Mume wangu akasema taratibu kwamba hata jana usiku pampu alisahau kuizima, kaizima alfajiri.

Mwenyekiti akanigeukia. "Kwa hiyo, mama, mafuriko ni hili tanki?"

Kicheko kilipoanza kikaenda mpaka barabarani, ila wapo ambao hawakucheka, wale wenye friji, na hao ndio walioniumiza. Nikaomba radhi, nikajitwisha godoro la Bi Mwanaisha, nikateremka nalo bondeni huku watu wananiita Mama Gharika, nikarudi kwa kitanda cha mwingine, na kingine, mpaka saa kumi jioni shingo haigeuki.

Nikamuuliza yule bibi kama siku nyingine nikisema atanisikiliza. Akanijibu: "Nitahama, mwanangu. Ila kwanza nitakuja kwako nikakione hicho kipimo kwa macho yangu."

Sasa hivi kipimo kiko peupe, kimezungushiwa wavu, na kabla sijatuma namba yoyote kubwa nauliza kwanza majirani watatu wamesikia nini usiku. Kurekodi sauti kwenye grupu, hapana, sirudii maishani. Leo asubuhi nimesoma milimita mbili. Nimetuma mbili, nikanyamaza.