Siku Baba Alipoita Ng'ombe

Baba yangu hakuwa na haja na habari za mtandaoni. Vita, uchaguzi, nani kamtukana nani: "Hizo tumeshaziona bila simu," alikuwa akiniambia. Alichotaka yeye ni vituko. Mimi nauza mitumba sokoni Mbarara, yeye aliishi Rubondo, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, na kila nilipokwenda kumwona, kabla sijatua mfuko alikuwa ameshauliza: "Haya mama, leo umeniletea nini?" Sukari na sabuni hakuvitazama. Alitaka simu.

Basi wiki nzima nilikuwa namkusanyia video. Paka anayelala amekumbatia vifaranga. Mbwa anayekwenda dukani na kikapu mdomoni, anarudi na mkate. Bibi mmoja wa mbali huko aliyewafumia kuku wake sweta za baridi. Hiyo ya kuku ilimchekesha hadi akashika mbavu, kisha ghafla akakasirika: "Na sisi watu tunagombania blanketi!" Tulikaa kwenye gogo mbele ya nyumba, vichwa vimegusana, na sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa furaha yangu. Mtu huwa hajui.

Siku moja nikamletea Mzungu wa ng'ombe. Mzee ameketi kwenye kiti katikati ya majani, anapiga kinanda kile cha kubana na kuvuta, na ng'ombe wanatoka nyuma ya kilima mbio mbio, wanamzunguka, wanamsikiliza. Baba aliitazama mara nne. Hakucheka.

"Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa mdomo mtupu," akasema.

Habari za ng'ombe wake nilizijua, nani hakuzijua? Kwetu Burundi hata salamu ya zamani ni kutakiana makundi ya ng'ombe. Alikuwa nao saba, kila mmoja na jina lake na sifa zake, akiwaita kwa mbinja na maneno marefu ya kuwasifu. Walibaki huko tulipokimbia, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Nilipokuwa msichana alijaribu kunifundisha zile sifa. Nikashika mistari miwili, nikachoka, nikaenda kucheza. Ng'ombe gani, na sisi tulikuwa na kiwanja cha maharagwe tu?

"Nichukue na mimi video," akasema. "Huyo Mzungu anione. Ajue na huku kuna watu."

Jumapili baada ya misa tukaenda kwa Mnyankole mmoja, mwenyeji wa huko, anayechunga ng'ombe wake jirani na Rubondo. Mtu mpole, akakubali. Baba alikuwa na koti lake la misa na kofia. Akasimama mbali, akainua mkono, akapiga mbinja, kisha akaanza. Jamani, ile sauti! Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kuisikia ikitoka nzima. Mtu wa kikohozi na magoti mabovu, halafu sauti ile. Nilishika simu kwa mikono miwili.

Ng'ombe hawakuja. Mmoja aliinua pembe zake ndefu, akamtazama, akarudia majani yake. Mwingine akamgeuzia mkia, akakojoa.

"Mzee, hawa hapana jua wewe," mfugaji akamwambia kwa upole. "Hawa nasikia Runyankore peke yake."

Baba akacheka kidogo. Njiani kurudi akavua kofia. "Wangu wangekuja," akasema. Tukatembea. "Hiyo usimwonyeshe mtu, mama."

Nikasema, ndiyo, Baba.

Nikaionyesha. Sitafuti kisingizio. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu sokoni, hakuna mteja, nikaiweka mtandaoni na maneno juu yake: Mzee anaita ng'ombe, ng'ombe wako bize. Nikaikata iishie pale pa mkojo, ili ichekeshe zaidi. Kesho yake watu walikuwa wameijaza mioyo na vikatuni vya kucheka. Babu mtamu huyu! Nimempenda! Nami kichwa kikavimba, nikajiambia wanampenda baba yangu. Mjinga mimi. Walimpenda, ndiyo, kwa sababu ng'ombe walimdharau.

Majirani wakamwonyesha nje ya kanisa. Akaazima simu ya mtu, akanipigia. Hakupaza sauti, na bora angepaza.

"Ng'ombe wa watu kunipa mgongo, sawa, hatujuani," akasema. "Na wewe?"

Kulipokucha nikapanda gari kwenda Rubondo. Nikakaa naye kwenye gogo, nikaifuta mbele ya macho yake, kule mtandaoni na ndani ya simu, pote. "Umeona, Baba? Imekwisha." Akasema, "Nimeona." Tangu siku hiyo hakuniuliza tena nimemletea nini. Alipokea sukari, akasema asante. Asante ile iliniua.

Mwaka jana mapafu yalimzidi, nikampeleka hospitali ya Ruharo, hapa Mbarara. Mchana mmoja akanigusa mkono.

"Yule Mzungu wa ng'ombe bado yuko?"

Nikamtafuta, vidole vinakosea herufi. Nikampata. Tukamtazama pamoja, vichwa vimegusana kwenye mto, na Baba akatabasamu.

"Na ile yangu?"

"Niliifuta, Baba. Uliona mwenyewe."

"Ah. Ungeiacha tu," akasema. "Niliita vizuri."

"Uliita vizuri sana, Baba."

Siku ya tatu akanitoka.

Juzi mwenzangu wa sokoni akanitumia video, yale makusanyo ya mambo matamu ya kufurahisha siku ya mtu. Kasuku anamwimbia mtoto. Mbwa amelala ndani ya beseni. Na katikati yao, baba yangu, na koti lake na kofia. Mtu fulani, sijui wapi duniani, alikuwa ameihifadhi kabla sijaifuta. Nilipiga kelele soko zima likageuka. Nikapiga magoti kwenye rundo la nguo, nikaweka simu sikioni.

Ulikuwa muziki. Gitaa la furaha, la kuchezesha mabega. Walikuwa wameitoa sauti yake yote, wakaweka gitaa.

Nikamwandikia mwenye ukurasa: huyo ni baba yangu, amefariki, tafadhali, kama unayo yenye sauti yake nitumie. Akanijibu kwa moyo mwekundu. Nikaandika tena. Mpaka leo kimya.

Sasa huwa nazima gitaa, namtazama mdomo tu. Mbinja naiona. Mstari wa kwanza naujua, tunausema pamoja. Wa pili pia. Halafu yeye anaendelea, mkono juu, na mimi sijui anasema nini.