Siku Niliyokaa na Akina Mama

Cheka tu, hata mimi ningekucheka, maana aibu yenyewe niliipata kanisani, mbele kabisa, siku ya mavuno ambapo nusu ya Ipinda ilikuwa imejaa humo ndani, na mpaka leo nikienda sokoni kununua dagaa hakosi mtu wa kuniuliza mume wangu hajambo.

Kanisani kwetu kila mtu ana upande wake. Akina mama kulia, vijana kushoto, na kijana ni yeyote ambaye hajafunga ndoa (kwa hiyo mimi, mwalimu wa miaka arobaini na moja, hukaa na watoto niliowafundisha kusoma, nao wakiolewa wanahamia kulia wananiacha hapo hapo). Jana yake nilikuwa nimeshinda shambani na mama tukivuna mpunga, mgongo hausemeki, na mabenchi ya vijana hayana pa kuegemea. Nikaona liwalo na liwe, nikaenda kukaa na akina mama. Ndivyo nilivyojiponza.

Mhubiri siku hiyo alikuwa mgeni asiyetujua. Akahubiri habari za Hana, yule tasa wa kwenye Biblia, mpaka akalowa jasho, kisha akataka mama yeyote ambaye hajajaliwa mtoto asogee mbele aombewe. Mimi sikusogea. Shangazi yangu, aliyekaa nyuma yangu na ambaye ananiombea mtoto tangu sijui lini, ndiye aliyenisukuma, "Nenda, Atu, Mungu hachagui!" na kabla sijakaa sawa wahudumu walikuwa wameshanishika mikono, huku na huku, kama mgonjwa.

"Na mume wake yuko wapi?" mhubiri akauliza kwenye kipaza sauti.

Nikafungua mdomo nieleze, lakini kwaya ilikuwa imeshapandisha pambio, na wakati huo huo akaingia baba Tusajigwe, jirani yetu, amechelewa, mkungu wa ndizi begani. Mhubiri akampungia, "Njoo baba, usiogope!" Naye, masikini, akidhani anaitiwa sadaka yake (kwetu mazao ya mavuno hupelekwa mpaka mbele), akaja anatabasamu, akatua mkungu, akanyoosha mkono asalimie. Mhubiri akaudaka mkono ule, akauweka juu ya wangu, akafumba macho.

"Ee Bwana, wape hawa mapacha!"

"Wape akina nani?" Alikuwa mama Tusajigwe, amesimama kule kulia, kichanga mgongoni. "Mchungaji, huyo ni wangu! Tuna sita, usituongezee!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Baba Tusajigwe akauchomoa mkono wake kama ameungua, akawa anasema "ndaga, ndaga," sijui akimshukuru nani, huku anarudi kinyumenyume. Hata mimi nilicheka kidogo, kisha nikachoka, nikachoka kweli, nikakichukua kipaza sauti mwenyewe.

"Mchungaji, sina mume. Sina mtoto, na sijamlalamikia mtu. Nilikuja kusali, nikatafuta pa kuegemeza mgongo."

Mhubiri akajifuta uso. "Basi dada, tukuombee upate mume?"

"Hapana."

"Sasa tukuombee nini?"

Miaka yote hiyo wananiombea na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema, "Niombeeni nipumzike," na machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Aibu yangu hasa ni hiyo, yale ya ndizi ni ya kuchekesha tu.

Wakaniombea kwa upole, sikatai. Shangazi aliomba kwa sauti kuliko wote, na wenzake walipomaliza nikamsikia anaongeza chinichini, "na mume pia, Bwana, ikikupendeza."

Nimeapa. Mgongo ukiniuma tena Jumapili, nalala nyumbani, na Mungu atanikuta huko huko.