Tulivyohani Msiba wa Watu Cefalù

Dada yake mama alifariki Unguja, na kama ilivyo desturi yetu akazikwa siku ile ile, kabla hatujapata ndege. Ndiye aliyenilea mimi mpaka nikamfuata mama London. Tangu tulipopigiwa simu ya msiba mama hakutoa chozi. Alikaa kwenye kochi letu Thamesmead, mtaa wetu wa London, chai inapoa mbele yake, na kina mama wa Kizanzibari waliotaka kuja kutuhani akawakataza. Niliogopa. Nikaomba likizo kazini, nikakata tiketi za Cefalù, mji mdogo wa pwani ya kisiwa cha Sisili, Italia, nikiamini bahari itamfanyia dawa.

Asubuhi tulitua Palermo, tukapanda treni inayofuata ufuo. Nilimwonyesha bahari, nikamwonyesha milimau. Alijibu "Naona" tu, basi.

Cefalù ilinishtua tangu tunaingia. Jabali kubwa limeuinamia mji, na chini yake vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, wazee wameketi milangoni. Nikajiuliza kama kweli nimetoka kwetu. Waarabu waliwahi kukitawala kisiwa hiki, kisha wakaja Wanormani, na mfalme wao akajenga kanisa lenye minara miwili. Ndani yake imo picha kubwa ya Yesu iliyopangwa kwa vijiwe vya dhahabu, inakutazama popote usimamapo. Tukashuka pia ngazi hadi mahali pa kale pa kufulia, ambapo maji ya mto humwagika kutoka vinywa vya simba wa chuma. Mama alitia mkono majini, akautoa. Nikaona nimeshindwa.

Mchana, tukirudi hotelini, alisimama ghafla. Ukutani palibandikwa tangazo lenye picha ya bibi kizee, na mlango wa karibu ulikuwa nusu wazi, wanaume wamesimama nje kimya.

"Hapa pana msiba," akasema.

"Ndiyo, mama. Twende zetu."

"Twende wapi? Mtu hupita mlango wa msiba?"

"Mama, plizi. Hawa hatuwajui. Wala dini si moja."

"Harusi ndiyo hualikwa watu, Salma."

Kabla sijamshika alishavua viatu, kajitanda vizuri, kaingia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna mwengine aliyevua viatu. Maiti alikuwa kwenye jeneza lililo wazi, wanawake wamelizunguka, wote vitini. Mama akaketi sakafuni. Chumba kizima kikamgeukia.

Msichana mmoja aliyejua Kiingereza akaniuliza kwa upole, "Mlimjua bibi yangu?"

"Hapana. Mama amekuja kuwapa pole. Na yeye amefiwa na dada yake."

Akawatafsiria. Nikangoja tufukuzwe. Badala yake bibi mmoja mnene aliyevaa nyeusi, dada wa marehemu, aliinuka, akajishusha kwa taabu mpaka sakafuni, akamshika mama mkono. Mama akamtazama, kisha akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia. "Dada yangu, wamekuzika nami sipo." Nilitaka kumnyamazisha, yule bibi akauondoa mkono wangu. Wakalia pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Jirani akaja na sufuria ya supu, kwani hata kwao nyumba yenye msiba haipiki, na mama akapewa bakuli la kwanza. Akalimaliza.

Kesho yake tulipanda ndege kurudi. Kwenye foleni ya pasipoti London nilikuwa bado nimeduwaa. Nikamwambia mama kwamba sasa nimeelewa: si bahari wala makanisa, alichokosa ni pahala pa kukaa akalia na watu.

"Mie nishalia," akasema, akinitengeneza mtandio. "Nakutazama wewe. Mkono uliokulisha ni wake, si wangu. Utamlilia lini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na kilichotoka hakikuwa neno, kilikuwa kilio. Pale pale, mbele ya watu na mabegi yao.