Asubuhi Injini Ilipopoa Maretadu

Harufu ya petroli ikichanganyika na moshi wa mkaa hunirudisha Maretadu hata nikiwa kwenye kituo cha mafuta cha Katesh, ambako mama mmoja huchoma mahindi karibu mno na pampu na hakuna anayemkataza. Naiona tena ndege ndogo nyeupe kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya zahanati, imefunikwa pua kwa mablanketi ya majirani. Nilikuwa darasa la tatu. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umepinduka na mahindi yote, ukamwangukia baba mguuni, na wayo wake ukaanza kuwa baridi na kubadilika rangi. Mganga wa zahanati aliita ndege kwa redio. Ilifika jua likizama, na kwa kuwa rubani hakuweza kupita kwenye milima ile gizani, ikabidi ilale kwetu, nje, katika baridi ya mwezi wa saba. Mganga alimwambia mama waziwazi kwamba baba akiwahi hospitali kubwa asubuhi, huenda mguu ukapona.

Kulipopambazuka nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande na pumzi zetu zilionekana. Rubani alikuwa kijana mwenye koti la ngozi, mwenyeji wa Moshi, na aliamkia kila mtu mzima aliyefika uwanjani mpaka nikamhurumia. "Shikamoo mama," alimwambia mama yangu. "Oili imekuwa nzito kama samli, na betri yangu ni kuukuu. Nikilazimisha sasa hivi itakufa. Naomba mkaa na mablanketi." Kwetu huhitaji kuomba mara mbili. Wanawake walitoka na majiko yao yakiwa tayari na moto, wakayapanga chini ya pua ya ndege, na debe lililotobolewa pande zote mbili likawa bomba la kupandisha joto. Rubani alisimama hapo na mtungi wake wa kuzimia moto, akitufukuza sisi watoto kama kuku. Kila baada ya muda alilisukuma pangaboi la puani kwa mkono. Mwanzoni lilikuwa gumu, likigoma kama ng'ombe asiyetaka nira. Baadaye likaanza kuzunguka kwa ulaini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Aliondoa majiko, akayasogeza mbali, akavua mablanketi puani. "Wazee wangu, imepata moto," alisema. "Tuondoke sasa hivi, kabla haijapoa."

Baba alikuwa amelazwa kwenye machela kando ya mlango wa ndege. Mama aliyachukua yale mablanketi yenye joto akamfunika, na nakumbuka jinsi baba alivyofumba macho kwa raha. Hapo ndipo Baba Mkubwa, kaka yake mkubwa, alipoinua fimbo na kuanza slufay, yale maombi marefu ya wazee wetu wa Kiiraqw, ambayo kila kipande watu wote hukiitikia. Aliomba mvua, akaombea ng'ombe, akaombea njia, akaombea hata pangaboi. Alikuwa Mkatoliki, na hakuona tatizo lolote kumalizia na sala ya Baba Yetu. Rubani alijaribu kusogea mbele. "Mzee wangu, samahani..." Baba Mkubwa alimkatiza bila hasira. "Kijana, mtu haondolewi kwake kama gunia." Rubani akamtazama baba, naye baba, kwa sauti ndogo, akasema, "Mwache kaka amalize." Kisha ukaja mkono wa kila mmoja, shikamoo na marahaba, salamu za shamba na za nyumbani. Upepo wa kutoka bondeni ulikuwa ukiipiga ile injini iliyoachwa wazi. Nami nilifurahi. Niliona fahari kwamba baba yangu alikuwa na watu wengi kiasi kile.

Rubani alipokaa kwenye kiti chake na kuwasha, pangaboi lilijivuta nusu mzunguko, likasimama. Akasukuma petroli, akajaribu tena. Likajivuta kidogo zaidi, harufu ikatujia puani, likasimama kabisa. Alijaribu mpaka betri ikaanza kutoa mlio mdogo tu, kisha nayo ikanyamaza. Hakumlaumu mtu. Aliomba majiko yarudishwe, na mtu akatumwa Dongobesh kuomba betri ya lori kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye alikuja nayo mwenyewe, mbio, kanzu ikiwa imejaa vumbi. Injini iliwaka jua likiwa limeshaanza kuteremka. Watu walishangilia. Siku chache baadaye tukaambiwa kwamba mguu umekatwa juu ya goti, kwa sababu ulifika umechelewa.

Nimeyawaza sana. Hakuna aliyekosa, wote walikuwa wema, na ndiyo maana inaniuma: natamani mtu mmoja tu angekosa adabu asubuhi ile. Sasa uwanja ule umelimwa maharage na gari la wagonjwa hufika Maretadu. Mwaka jana, tukiwa nyumbani likizo, tumbo lilimkaza mwanangu hadi akashindwa kusimama, na gari lilipokuja wazee wakaanza kukusanyika kama zamani. Nilimwambia dereva, "Twende." Tuliwaacha na mikono yao imenyooshwa. Alifanyiwa upasuaji siku ileile, akapona. Tuliporudi nilimkuta baba ameketi uani, magongo yameegemezwa ukutani, nikampa shikamoo, nikangoja kugombezwa.

"Ulifanya vizuri, mwanangu," alisema. "Mtoto ni mtoto." Akayasogeza magongo karibu. "Lakini mimi, hata leo, ningewangoja."

Miaka yote ile, mguu ule nilikuwa nikiulilia peke yangu.