Nilimsaidia kaka kupanga likizo ya pwani Mexico na watoto, mama akaandaa vitanda Nyangezi

Habari za muda huu wakuu. Ninayoandika hapa yametokea kwetu juzi juzi tu, na yamenikaa kifuani. Anayetafuta uzi wa kucheka apite tu, hapa hataupata.

Niko Bukavu, Nyawera, karibu na soko. Humu nilijiunga zamani nikiwa Kigoma. Nimezunguka sana: Kamituga, Kigoma, Lusaka, Brazil, na mwisho Mexico, ambako nilikwama karibu na mpaka wa kusini nikingoja karatasi ambazo hazikutoka. Nikarudi nyumbani. Nina miaka arobaini na kitu, na mpaka leo nikisikia basi linawasha injini natamani kupanda, hata sijui linakwenda wapi.

Nitaandika Kiswahili cha shule, ila maneno ya mama nitayaacha kwa Kiswahili chetu cha hapa.

Basi.

Kaka yangu mkubwa, Papa Ange, yuko Amerika na mke wake na watoto watatu. Ange ana miaka minane, wa pili mitano, wa mwisho ndiyo kwanza ameanza kutembea. Wote wamezaliwa huko. Mama hajawahi kumshika hata mmoja.

Miezi michache iliyopita kaka akanipigia. Anataka kuwapeleka watoto baharini, Mexico. Kadi yake ya ukaaji ya Amerika inamruhusu kuingia bila visa, na kutoka kwao si mbali. Halafu mimi nimeshafika huko, kwa hiyo mimi ndiye mtaalamu wa familia.

Nilicheka kidogo. Mexico niliyoijua mimi ni ya kulala kwenye sakafu ya kanisa na kuuza maji ya chupa kwenye foleni ya wahamiaji wenzangu. Bahari yao niliiona mara moja, nikaosha miguu, nikaondoka.

Lakini nilifurahi. Mtu aliyezunguka anapenda kuulizwa njia.

Tukaanza kupanga. Video call karibu kila jioni. Anatuma picha za hoteli, mimi natoa maoni.

Nilimwambia upande wa Pasifiki mawimbi yanavuta mtu, kwa watoto wadogo aende upande wa pili ambako maji yametulia. Aulize kwanza kama majani ya baharini hayajajaa ufukweni msimu huo. Achukue ndege ya moja kwa moja. Wasinywe maji ya bomba, hata barafu wasiiguse. Abebe kofia, na dawa ya kuharisha ya kuchanganya na maji. Jua la saa sita awaachie watu wazima wasiosikia.

Maman Ange, mke wake, alitaka hoteli yenye bwawa la watoto na kitanda kidogo cha yule wa mwisho. Tulitafuta mpaka tukaipata. Niliichagua mimi.

Sasa, wakati wote huo mama alikuwa kwangu. Alikuja kutoka Nyangezi kutibiwa presha. Alilala kitandani, mimi kwenye mkeka, na chumba ni kimoja. Kila neno alilisikia.

Tukimaliza kuongea, alikuwa na swali. Watoto wanakula bugali? Wanaogopa mbwa? Yule mdogo bado analala na mama yake, au anaweza kulala na mtu mwingine?

Nilimjibu huku macho yangu yakiwa kwenye picha za hoteli. Nikaona ni maswali ya bibi tu.

Wakuu, hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo. Kwetu vacances za mtoto, yaani likizo, zina mahali pamoja. Shule ikifunga, unafungiwa nguo zako kwenye mfuko, unapelekwa kwa Koko, yaani bibi yako. Unakaa huko mpaka shule ifunguliwe, unarudi na vidonda vya magoti na tumbo limejaa. Sisi tulikwenda hivyo miaka yote. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi.

Mama alielewa vizuri kwamba wanakwenda Mexico. Ila kwake Mexico ilikuwa njiani. Mtu awatoe watoto vacances, awapandishe ndege, halafu wasifike kwa Koko wao? Hilo halikumwingia akilini, ndiyo maana hata hakuliuliza.

Presha ikashuka, akarudi Nyangezi.

Baada ya muda jirani yake akanipigia kunipongeza. Nikauliza kwa lipi. Akasema mama amepaka nyumba chokaa, ameazima vitanda viwili, na amefukia ndizi.

Kwa asiyejua: ndizi hizo ni za kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zinafukiwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, ndipo zinakamuliwa. Ukishafukia, kijiji kizima kinajua una wageni, na kila mtu anaanza kuhesabu siku kimya kimya. Na ndizi zikiiva hazimngoji mtu.

Nikampigia kaka. Alikuwa anafunga mabegi.

Nilimwomba aache Mexico, aje Kigali. Najua Kongo hawezi kuingia, alipokelewa Amerika kama mkimbizi, na hali ya kwetu mnaisikia. Lakini Kigali inawezekana, na mama ningemvusha mpaka mimi mwenyewe, hata kwa kumbeba mgongoni.

Akaniambia hoteli imeshalipwa na hairudishwi. Na mke wake akisikia Kigali anasikia Bukavu, akisikia Bukavu anasikia risasi.

"Mwaka kesho, petit. Umuambie maman mwaka kesho."

Petit ndiyo mimi, mdogo wake. Hiyo mwaka kesho ameisema tangu Ange hajaota meno.

Sikumkasirikia sana. Habari ya kifo cha baba ilinikuta mimi Mexico, kwenye foleni, chupa za maji ziko mkononi. Najua mtu anaweza kuwa mbali bila kuwa mbaya.

Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Nyangezi. Mama nilimkuta uani, anapanga majani ya mgomba ya kufunikia pombe. Nikamwambia yote bila kuzunguka.

Aliendelea kupanga majani.

"Kutoka kwabo, Mexico na hapa, wapi njo karibu?"

"Mexico, maman."

"Na kule banaenda kusalimia nani?"

"Hakuna mutu. Banaenda kuona mayi tu, kuogelea."

Mikono ikasimama.

"Batoto ya mutoto yangu," akasema, "banaacha Koko yabo, banaenda kusalimia mayi."

Nikamwambia tutawapigia, atawaona kwenye simu. Akasema simu haina kichwa ya kushika. Kisha akaniomba nimsogezee majani mengine.

Nilidhani ataghairi ile pombe. Hakughairi.

Jumamosi watu wakaja, wamevaa vizuri. Mzee mmoja, mtani wake wa siku nyingi, akaanza:

"Koko Ange, wapi Bamerikani? Nilivaa viatu sababu yabo."

Watu wakacheka. Mama akamjazia kikombe.

"Vua. Pombe haiulizake viatu."

Wakacheka tena, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Nadhani walikuwa wameshaelewa. Aliwahudumia wote mwenyewe, kila mtu na kikombe chake, na uso wake ulikuwa mkunjufu kama wa mtu mwenye sherehe kweli. Siku hiyo mtandao haukuwepo, na mimi sikuutafuta.

Jua liliposhuka na watu wametawanyika, akaniita ndani. Alikuwa anakunja mashuka ya vile vitanda vya kuazima. Akaongea bila hasira, kama mtu anayekutuma chumvi dukani.

"Umuambie Papa Ange. Siku nitakufa, asikuye. Ile franga ya ndege apelekee batoto ku mayi."

Nikamwomba asiseme hivyo, kwamba kaka asije kumzika. Nikamwambia hayo ni maneno ya laana.

"Haiko laana. Namupumzisha tu. Umuambie vile nilisema."

Akaendelea kukunja.

Wakuu, kwetu neno la mzazi la namna hiyo halikai kwa aliyetumwa. Ukitumwa unafikisha. Nikilifikisha, namjua kaka yangu, hatakuja kweli, na siku ya mazishi Nyangezi yote itaniuliza mimi yuko wapi. Nisipolifikisha, mama atakuja kuniuliza mwenyewe. Presha yake haipandi na kushuka kama zamani. Sasa inapanda tu.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujalipia hoteli, mwambie yule anayedhani safari inakuja kwake. Na mzazi akikuuliza mambo madogo, weka simu chini uyasikilize yanaelekea wapi. Ningemsikiliza alipouliza habari za mbwa, ningemwambia siku ile ile, angeumia akiwa kitandani kwangu na si mbele ya kijiji.

Jana kaka alituma picha. Ange amefukia miguu mchangani. Yule mdogo amekaa kwenye bwawa la watoto, kofia imemfunika macho. Hoteli ni nzuri, bwawa ni lile nililolichagua. Chini ameandika: "Asante petit, ulituchagulia vizuri. Maman anasema nini?"

Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta.

Mliowahi kutumwa neno zito na mzazi, mlilitua wapi? Nimwambie akiwa kule na watoto wake, ningoje arudi kwake, au nilinyamazie? Semeni mnavyoona, hata mwenye ukali aseme.

Naandika haya kwa simu hiyo hiyo. Kaka yuko mtandaoni sasa hivi, ameuliza tena.