Kikapu Hakirudi Kitupu

Rangi za kuchorea zilipokwisha darasani kwangu, sikulia. Zililiwa zaidi ya kuchorewa, maana mtoto wa miaka mitano akishika rangi nyekundu lazima aionje kwanza. Nikajisemea, kwani waliotulea sisi walikuwa na rangi za dukani? Nikakata nyasi ndefu, nikaingia migombani kuchuna maganda makavu, nikaomba vipande vya vitenge kwa mafundi cherehani wa gulioni. Jumatatu nikawaambia watoto wa darasa la awali kwamba tunasuka vikapu.

Nafundisha Murusagamba, huku mpakani na Burundi, ambako mtoto anakuja shule na Kihangaza chake au Kirundi chake, na Kiswahili anakikuta kwangu. Ndiyo maana napenda kazi za mikono. Ukimwambia mtoto "funga" huku unafunga, "vuta" huku unavuta, neno limeingia na wewe hujatafsiri chochote. Wakubwa wanaokuja kukagua huita hiyo sanaa na utamaduni. Mimi naiita kumshughulisha mtoto asije akamng'ata mwenzake.

Kusuka kwenyewe si kazi ngumu kuieleza. Unashika fungu la nyasi unene wa kidole, unalikunja lijizungushe kama konokono, na kila mzunguko unaufunga kwa uzi wa mgomba kwenye mzunguko wa chini yake. Sindano sikuwapa, nani anataka kesi? Niliwachongea vijiti. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu mechi: mmoja alimfunga mwenzake mguu kwenye dawati, mwingine akavaa kitako cha kikapu kichwani akakataa kukivua hadi saa ya uji.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye tangu aandikishwe hakuwa amefungua kinywa. Alikaa karibu na mlango, miguu imeelekea nje. Aliishi na bibi yake, mama mtu mzima aliyelima vibarua kwenye mashamba ya watu. Nilimsemesha kwa Kiswahili, kwa Kihangaza, nikamwimbia, nikamfanyia vituko vya kuchekesha ukuta. Wapi! Alinitazama tu mpaka mimi ndiye nikaona aibu.

Siku ile ya nyasi nilikaa chini karibu naye, nikawa nasuka changu huku nikipiga kelele kwa wale wa nyuma. Mara nikasikia sauti nyembamba: "Mwarimu, vuta!" Nikageuka. Alikuwa ananyooshea kidole uzi wangu uliolegea, amekunja uso kama mama mwenye nyumba. Neno lake la kwanza kwangu likawa amri. Nilivuta, jamani, ningefanyaje? Nilivuta huku nacheka na machozi yananitoka.

Kuanzia hapo hakunyamaza. Alihamia pembeni yangu, anaegemea paja langu, anasuka na kunisimulia mambo ya kuku wao mpaka namwambia hebu pumzika kidogo, mdomo utachoka. Mimi Mungu hakunijalia mtoto, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwamba asubuhi nilikuwa nikishuka ule mteremko wa kwenda shule, namtafuta yeye kwanza kwa macho kabla ya wote.

Ijumaa vikapu vikawa tayari, vidogo, vingine vimepinda mpaka unahurumia. Nikawaambia watoto: "Nendeni navyo, wazazi wavione, Jumatatu mvirudishe tuvitundike ukutani." Basi. Mhangaza mzima mimi, nimezaliwa na kukulia Ngara hii hii, nikatamka maneno hayo bila kujisikia. Kwetu kikapu kikitoka kwa mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea viazi, kikapu chake kinarudi na ndizi, au maharage, au hata chumvi kidogo chini. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenzio kwamba urafiki umekwisha.

Jumatatu walikuja kama wanakwenda kumtolea mtu mahari. Maharage, karanga, unga wa mtama, mayai mawili kwenye kikapu kisichoweza kubeba hata moja. Mama mmoja alikuja mwenyewe, kikapu cha mwanawe kimemzidi, ameongeza mkungu wa ndizi kichwani. Mwalimu mkuu akanivuta pembeni, jasho linamtoka. "Mwalimu, umeanza kuchangisha wazazi? Unataka tufukuzwe?" Nikamwambia sikuchangisha, nimesema warudishe vikapu. Akashika kiuno, akanitazama, naye ni wa hapa hapa. "Aka! Umewaambia warudishe, na bado unasema hukuchangisha?" Tulicheka mpaka tukashikana.

Kicheko kilikatika nilipoita majina. Mtoto wangu hakuwepo. Jumanne hakuwepo. Jumatano nilifunga darasa nikaenda kwao, nyumba ndogo nyuma ya shamba la mihogo la mtu. Nilimkuta bibi anapepeta pumba, na mtoto aliponiona alikimbia ndani. Kikapu chake kilikuwa kimetundikwa ukutani, kisafi, hakina kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta." Alinipa kigoda, akabaki amesimama. "Maharage yangu bado yana maua. Yakikauka, mtoto atakuja na kikapu chako."

Nikamwambia si changu, ni cha mtoto, kakisuka yeye. Akaniuliza nyasi zilikuwa za nani. Uzi je? Basi, akasema, kikapu kimetoka kwako. Nikamwomba mtoto aje bila kikapu, kitafuata. Akasema, "Wenzake wote wamepita hapa na vyao vimejaa, amewaona. Nimtume mikono mitupu wakamcheke? Mimi nina njaa, mwalimu, lakini sikulelewa vibaya."

Kesho yake nilirudi na maharage niliyoletewa na wengine. Nilidhani nimepata akili. Nikamwambia, mama, tia haya, mtoto ayalete shule, nani atajua? Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Unijazie kikapu, halafu nikurudishie mwenyewe maharage yako? Mwanangu, unanionea huruma mpaka unanitukana." Nilibeba maharage yangu nikaondoka. Sikumkasirikia. Ningekuwa yeye, ningesema vilevile, na labda kwa maneno makali zaidi.

Nikangoja maharage yale yakauke. Kila nilipopita shamba la mtu nilitazama maganda, haya yamenenepa, haya yanaanza njano, nahesabu mvua kama mimi ndiye mkulima. Darasani vikapu vilining'inia ukutani, nami nikawa nimeacha msumari mmoja. Watoto waliniuliza msumari huo wa nani, nikawaambia fungeni midomo mchore.

Msimu ulipofika, nyumba ile ilikuwa imefungwa. Majirani wakasema bibi amepata ndugu Biharamulo, Nyarubungo huko, ambako kuna shamba la kulima bila kuwa kibarua. Wameondoka na lori la mihogo. Nilisimama mbele ya mlango ule nikaita hodi, na nilijua hakuna mtu. Niliita tena.

Wiki chache baadaye mnunuzi mmoja wa maharage alisimamisha gari shuleni, akauliza mwalimu wa wadogo ni yupi. Akanipa kikapu kile kile kidogo cha mtoto. Kilikuwa kimejaa maharage mekundu hadi juu, yamefunikwa kwa kipande cha kitenge. "Bibi mmoja wa Nyarubungo anakushukuru," akasema, akawasha gari. Maharage niliyapika, nikayala peke yangu. Kikapu kikawa kwangu. Sasa mimi ndiye nilikuwa na deni la kukirudisha na kitu ndani, na Nyarubungo si mahali unapopita ukienda sokoni.

Mwaka huu nimeitwa semina Biharamulo. Siku ya mwisho nilipakia kikapu karanga, nikakodi pikipiki, nikaenda Nyarubungo nikiuliza dukani, nikiuliza kwa Wasukuma wenye ng'ombe barabarani: bibi wa kutoka Ngara, anaishi na mjukuu wa kike. Walinielekeza. Njia nzima nilikuwa najipanga nitakachosema.

Bibi alinitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Alinikumbatia, akanisema kwa kukonda, akakimbilia jikoni kuweka maji ya chai. Kisha akatoka msichana mrefu, mwenye sare za shule, sasa yuko darasa la tatu. Macho yake yalikuwa yale yale. Akapiga goti, "Shikamoo, mwalimu," kwa sababu amesikia bibi akiniita hivyo. Nikaitikia. Nikangoja. Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni yeyote aliyekuja kwa bibi.

Alipokea kikapu kwa mikono miwili, akamwaga karanga kwenye ungo, akakigeuza kitako juu. Akapitisha kidole gumba kwenye mizunguko, polepole. Akacheka.

"Nani alisuka hiki, mwalimu? Kimepinda!"

"Mtoto mmoja niliyemfundisha."

"Alikuwa mdogo?"

"Mdogo sana."

"Mlikuwa mnapendana?"

"Sana."

"Sasa yuko wapi?"

Nilitaka kumwambia. Yeye alikuwa ananingoja, kidole kikiwa bado kwenye uzi.

"Alihama," nikasema.

Aliweka kikapu chini, akaja akakaa karibu yangu, akanishika mkono. "Pole, mwalimu," akaniambia. "Labda naye anakukumbuka."