Kuchagua Jeti ya Mgonjwa wa Chumbageni

Kazi yangu Dar es Salaam ilikuwa kuwatafutia watu ndege za kukodi. Mteja huniambia anakwenda wapi na wenzake wangapi, nami humtafutia ndege inayofaa, kisha nikamweleza kwa lugha nyepesi kwa nini hii na si ile. Sehemu hiyo ya kueleza niliipenda kuliko zote. Nilipoletewa safari ya mama mmoja wa Chumbageni, mtaa wa Tanga niliokulia, ndipo nilipojua kwamba unaweza kueleza vizuri sana jambo ulilolipima vibaya.

Mama huyo aliugua mapafu. Mwanawe, mwenye mashamba ya mkonge, alikuwa anampeleka hospitali India. Daktari alitoa masharti mawili: hewa ndani ya ndege isiwe nyepesi mno, na ndege isitue njiani, kwa sababu kila kushuka na kupanda tena kungemtesa upya. Zilikuwapo jeti mbili za ukubwa wa kati, zote za kuondokea Dar, maana uwanja wa Tanga ni mfupi kwazo.

Nilizipanda zote mbili pamoja na mwenzangu wa ofisini, zikiwa zinakwenda tupu kuchukua abiria Kilimanjaro. Nikupe siri ndogo: ukitaka kupima kelele za jeti, usikae mbele. Kaa nyuma kabisa, kwenye injini. Mwenzangu alikaa viti viwili mbele yangu akasoma gazeti kwa sauti ya kawaida. Katika jeti ya kwanza, ile pana, nilisikia kila neno. Katika ya pili, nyembamba lakini yenye uwezo wa kwenda mbali zaidi, nilisikia mngurumo tu, habari za mpira zikanipita. Usidhani utulivu ule ni anasa. Mtu mwenye pumzi fupi akiomba maji asisikike, huenda asiwe na nguvu ya kuomba mara ya pili.

Kuhusu hewa, mwanawe sikumtajia futi wala vipimo. Nilimwambia ndege ikiwa juu, hewa ya ndani haibaki ya pwani; huwa kama umepanda mlima. "Kwenye jeti pana mama atakuwa kama yuko Lushoto mjini, au juu yake kidogo. Kwenye nyembamba, kama yuko Magamba kabisa, kule juu zaidi milimani."

Akasema, "Lushoto tulikwenda harusini. Alikohoa siku tatu."

"Na Magamba?"

"Nani angethubutu kumpandisha?"

Basi tukachagua jeti pana. Katika fomu niliandika abiria watatu: mgonjwa, mwanawe, na muuguzi. Rubani akapiga hesabu ya mafuta, akasema itafika bila kutua. Nikalala usingizi mzuri.

Siku mbili kabla ya safari nilikwenda Tanga kuchukua pasipoti. Nilibisha hodi, nikamwamkia mgonjwa shikamoo, akaitikia kwa kupepesa macho tu. Kisha dada yake mkubwa akanikabidhi pasipoti. Nilizihesabu mara mbili. Ukimweka na muuguzi, walikuwa wanane.

Mimi ni mtoto wa Chumbageni. Sijapata kuona mgonjwa wa kwetu akisindikizwa na mtu mmoja, hata akienda hospitali ya Bombo kuchomwa sindano. Ilikuwaje nikaandika watatu?

Nilimpigia rubani palepale. Akataka uzito wa kila mtu na wa mizigo. Muuguzi akatoa mizani yake, tukaiweka barazani, na wifi yake mgonjwa akapanda wa kwanza.

"Tisini na mbili," nikasoma.

"Mizani hiyo ina husuda," akasema.

Dada mkubwa akacheka. "Husuda ya nini, wifi? Na bado hujashika kapu la mikate ya safarini."

"Panda wewe tukuone, mwembamba wa mji!"

Akapanda. Tisini na sita. Wifi akapiga kigelegele mpaka mgonjwa naye akacheka kule ndani, halafu kicheko kikamgeuka kikohozi, nasi sote tukamsikiliza mpaka kikatulia.

Rubani alinijibu baada ya nusu saa. Watu sita na mizigo kidogo, itafika moja kwa moja, upepo ukiwa mzuri. Wanane, lazima itue Oman kuongeza mafuta.

"Si ipo ile nyingine?" mwanawe akauliza kutoka mlangoni. "Itatubeba wote."

"Itawabeba," nikasema. "Itawabeba na hewa ya Magamba. Kosa ni langu, niliipima jeti hii ikiwa tupu. Nilipaswa kuuliza mapema nani atakwenda."

Hakuna aliyenifokea, na hilo lilinitia hofu zaidi. Dada mkubwa aliliangalia kapu la mikate ya kumimina, akalisukuma pembeni kwa mguu. "Mimi nabaki. Wifi, na wewe utabaki."

"Nani kaniuliza?"

"Mizani imekuuliza."

Wifi alilia. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeichukua pasipoti yake kutoka mkononi mwangu.

Asubuhi ya safari jeti iliruka kutoka Dar na watu sita. Nilikaa ofisini, simu mbele yangu, nikifikiria upepo. Rubani alikuwa amenieleza wazi kwamba ukivuma kinyume zaidi kuliko walivyotarajia, atatua Oman, hatabahatisha. Kila simu iliyoita nilidhani inatoka huko. Chai ilipoa. Mwenzangu aliniambia nile, nikasema nitakula, sikula.

Mchana uliposogea, mwanawe akapiga. "Tumefika. Hatukutua popote." Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza na magurudumu ya kitanda yakipita.

Mtu wa kwanza niliyempigia alikuwa dada mkubwa, Chumbageni.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha, "Amekohoa njiani?"

"Sikuuliza, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Basi uliza, mwanangu. Mimi nasubiri, sikati."

Nilichukua simu ya ofisini, nikampigia mwanawe India.